Jeshi la Algeria lilipata wapi nguvu ya kuamua nani awe rais?

Swali la msomaji kutoka Dodoma: "Shuleni tulisoma kwamba Algeria ilipigana na Wafaransa zaidi ya miaka saba chini ya chama cha FLN. Kwetu Tanzania chama kilishika hatamu na jeshi likawa chini yake. Kwa nini Algeria ilikuwa kinyume, hata wanajeshi wakafuta uchaguzi wa 1991? Jambo hili lilianza lini hasa, na je, maandamano ya 2019 yamebadilisha chochote?"

Ndugu msomaji, wengi wanaoulizwa swali kama lako huanza na Januari 1992, uchaguzi ulipofutwa, na wachache hurudi nyuma hadi Juni 1965, Kanali Houari Boumédiène alipompindua Rais Ahmed Ben Bella. Kwa maoni yangu tarehe zote mbili zimechelewa. Suala la nani awe juu ya mwenzake, mwanasiasa au mwenye bunduki, liliamuliwa kati ya Agosti 1956 na Septemba 1962, kabla nchi haijawa na katiba, bunge wala rais, na kwa sehemu kubwa liliamuliwa nje ya ardhi ya Algeria, huko Cairo, Tunis, Oujda nchini Moroko, na Tripoli. Jeshi halikuipora dola iliyokuwa mikononi mwa raia. Lilitangulia kuzaliwa, na lilipoingia Algiers likaiunda dola hiyo lenyewe.

Umefanya vema kutaja Tanzania, kwa sababu tofauti inaanzia hapo. TANU ilikuwa na matawi, kadi, makatibu na mikutano ya hadhara miaka kadhaa kabla ya uhuru, na jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza lilipoasi Januari 1964, serikali ililivunja na kuunda Jeshi la Wananchi kwa kuwaandikisha vijana wa chama. FLN haikupata nafasi ya kuwa chama cha namna hiyo. Ufaransa iliiteka Algiers mwezi Julai 1830, na mwaka 1848 ikaitangaza Algeria kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Kufikia 1954 walowezi wa Kizungu walikuwa karibu milioni moja, nao Waislamu wenyeji karibu milioni tisa. Hata hivyo sheria ya 1947 iliunda Baraza la Algeria lenye wajumbe 120 ambamo makundi hayo mawili ya wapigakura yaligawana viti nusu kwa nusu. Tena hata hiyo nusu ya wenyeji haikuachwa iwe huru. Katika uchaguzi wa Aprili 1948, chini ya Gavana Marcel-Edmond Naegelen, masanduku yalijazwa kura za bandia, na wagombea kadhaa wa chama cha Messali Hadj, mkongwe wa harakati za uhuru, walikamatwa kabla ya siku ya kupiga kura.

Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo Ulaya ilikuwa ikisherehekea kushindwa kwa Ujerumani, waandamanaji wa mji wa Sétif walibeba bendera ya Algeria na polisi wakafyatua risasi. Fujo zilizofuata ziliua Wazungu zaidi ya mia moja, kisha jeshi la Ufaransa na walowezi wenye silaha wakalipiza kisasi katika maeneo ya Sétif, Guelma na Kherrata kwa wiki kadhaa. Serikali ya Algeria inataja watu 45,000 waliouawa. Wanahistoria wengi wanataja idadi ndogo zaidi, lakini hakuna anayebishana kwamba waliokufa walikuwa maelfu. Kijana wa Kialgeria aliyeshuhudia 1945 na 1948 alijifunza kwamba bendera hupigwa risasi na kura huibiwa. Ndiyo maana walioanzisha FLN na kuanza vita usiku wa kuamkia 1 Novemba 1954, akina Mohamed Boudiaf, Larbi Ben M'hidi, Krim Belkacem na wenzao, walikuwa watu waliokwisha kukata tamaa na siasa za vyama. Chama chao cha zamani kilikuwa kimepasuka kati ya wafuasi wa Messali na wajumbe wa kamati kuu, nao wakaamua kuwaacha wote wagombane na kuanza kupigana. Hakuna mkutano mkuu uliowachagua, na hawakuwa na matawi. Walikuwa na mikoa ya kivita, kila mmoja na kamanda wake, na mamlaka ya kila mtu yalitokana na wapiganaji aliokuwa nao.

Sasa tufike kwa mtu ambaye bila yeye swali lako haliwezi kujibiwa. Abane Ramdane alizaliwa Kabylia, akafanya kazi ya karani katika utawala wa kikoloni, akafungwa mwaka 1950 kwa sababu ya siasa, na akatoka gerezani mapema 1955 akakuta vita vimeshaanza. Alikuwa mkali wa maneno, mwepesi wa kudharau, na hakumwogopa kamanda yeyote. Lakini aliona jambo ambalo wenzake hawakulipa uzito: kwamba kundi la makamanda wasio na chombo cha pamoja cha kisiasa lingeweza kushinda vita na kupoteza nchi. Yeye na Ben M'hidi waliandaa mkutano uliofanyika katika bonde la Soummam, kijijini Ifri, ukafunguliwa tarehe 20 Agosti 1956 huku majeshi ya Ufaransa yakiwa yamelizunguka eneo lote. Mkutano huo uliunda baraza la taifa la mapinduzi lenye wajumbe 34, pamoja na kamati tendaji ya watu watano, na ukapitisha kanuni mbili ambazo Waalgeria wanazitaja hadi leo: siasa iwe juu ya jeshi, na walio ndani ya nchi wawe juu ya walio nje.

Kanuni hizo zilidumu mwaka mmoja tu. Ben Bella, aliyekuwa Cairo na hakuhudhuria, alizipinga tangu mwanzo. Tarehe 22 Oktoba 1956 Wafaransa walilazimisha ndege iliyokuwa ikitoka Rabat kwenda Tunis itue Algiers, wakamkamata yeye, Boudiaf, Hocine Aït Ahmed na Mohamed Khider, na hivyo viongozi wanne wa kisiasa wakatupwa gerezani hadi 1962. Kisha vikaja vita vya mji wa Algiers. Askari wa miamvuli wa Jenerali Massu waliusaka mji mtaa kwa mtaa tangu Januari 1957, wakamkamata Ben M'hidi mwezi Februari na kumuua mwezi Machi, na kamati tendaji iliyokuwa imejificha humo mjini ikalazimika kukimbilia nje ya nchi. Kiongozi wa siasa aliye ugenini, asiye na askari wake mwenyewe, anategemea hisani ya mwenye askari. Baraza lilipokutana Cairo mwezi Agosti 1957, makanali waliingia kwenye kamati tendaji kwa wingi, wakaongozwa na Krim Belkacem, Abdelhafid Boussouf na Lakhdar Bentobbal, na kanuni zote mbili za Soummam zikafutwa.

Abane aliendelea kupinga kwa sauti, akiwaambia wenzake wazi kwamba wanajenga utawala wa mabavu. Mwezi Desemba aliitwa Moroko kwa kisingizio cha kwenda kutatua jambo na wakuu wa nchi hiyo. Tarehe 27 Desemba 1957, katika shamba moja karibu na Tétouan, watu wa Boussouf walimnyonga. Mwezi Mei 1958 gazeti la FLN, El Moudjahid, lilitoa picha yake ukurasa wa mbele na kuwatangazia Waalgeria kwamba amekufa shujaa kwenye uwanja wa mapambano. Tangazo hilo naliona zito kuliko hata mauaji yenyewe. Waliomuua ndugu yao wa mapambano waligundua kwamba wanaweza kuamua jambo faraghani, kuliambia taifa habari nyingine, na lisitokee baraza wala mkutano wa kuwauliza.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kijiografia. Kuanzia 1957 Wafaransa walijenga kwenye mpaka wa Tunisia uzio wa waya wenye umeme mkali, uliozungukwa na mabomu ya ardhini, unaoitwa Mstari wa Morice kwa jina la waziri wa ulinzi wa wakati huo, na upande wa Moroko wakajenga mwingine. Wapiganaji waliojaribu kupita waliuawa kwa mamia. Basi jeshi la ukombozi likagawanyika sehemu mbili. Ndani kulikuwa na wapiganaji wa msituni waliokosa silaha na chakula, hasa baada ya mashambulizi makubwa ya Jenerali Challe mwaka 1959. Nje, nyuma ya uzio, kulikuwa na jeshi la mipakani lililokua mwaka hadi mwaka likiwa na sare, mizinga, kambi na nidhamu, na ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa likipigana. Mapema 1960 Boumédiène alikabidhiwa makao makuu ya jeshi hilo, yaliyokuwa Ghardimaou nchini Tunisia. Alikuwa mtu mkimya aliyesoma Al-Azhar. Kufikia 1962 alikuwa na askari wapatao 30,000 ambao hawakuwa wamechoshwa na vita, na Boussouf naye alikuwa amejenga idara ya ujasusi iliyomjua kila mtu ndani ya chama.

Hapo ndipo utaona majira ya joto ya 1962 yalivyokuwa yameamuliwa kabla hayajafika. Mkataba wa Evian, uliomaliza vita na Ufaransa, ulitiwa saini tarehe 18 Machi na Serikali ya Muda ya FLN iliyoongozwa na Benyoucef Benkhedda, ikiwa serikali ya kiraia iliyotambuliwa na nchi nyingi. Baraza lilikutana Tripoli mwishoni mwa Mei na likavunjika Juni bila kukubaliana nani aongoze. Tarehe 30 Juni Serikali ya Muda ilitangaza kumfukuza kazi Boumédiène na wakuu wenzake, nao wakapuuza amri hiyo na kuendelea na kazi zao. Wananchi walipiga kura ya maoni tarehe 1 Julai, uhuru ukasherehekewa tarehe 5, na Boumédiène akamchagua Ben Bella, aliyekuwa ametoka gerezani na jina lake likijulikana dunia nzima, awe uso wa kisiasa wa jeshi lake. Majeshi ya mipakani yalipoanza kuelekea Algiers, wapiganaji wa Wilaya ya 4, mmoja wa ile mikoa ya kivita, waliokuwa wamebaki msituni miaka yote ile walijaribu kuyazuia, na Waalgeria wakauana wao kwa wao wiki chache baada ya uhuru. Raia walitoka barabarani wakisimama katikati ya pande mbili huku wakipaza sauti kwamba miaka saba imetosha. Tarehe 9 Septemba 1962 jeshi la mipakani likaingia Algiers, na uchaguzi wa bunge ukafuata siku chache baadaye kwa orodha moja ya wagombea iliyokwisha kupangwa.

Wapo wanaosema kwamba vita virefu lazima vizae utawala wa kijeshi, na kwamba Algeria haikuwa na njia nyingine. Sikubaliani nao, na mfano wangu uko karibu nawe. Wapiganaji wa kwanza wa FRELIMO, Samora Machel akiwa mmoja wao, walifundishwa Algeria kisha wakaletwa kambini Kongwa, si mbali na unapoishi. FRELIMO ilipigana miaka kumi na ilikuwa na migogoro yake mikali, ikiwa ni pamoja na kuuawa kwa Eduardo Mondlane jijini Dar es Salaam mwaka 1969. Lakini mwaka 1968 iliweza kufanya mkutano mkuu wake ndani ya Msumbiji, mkoani Niassa, ukayajadili mambo ya vita na ya siasa katika kikao kimoja. Algeria ilifanya mkutano wa namna hiyo mara moja tu, pale Soummam, na maamuzi yake yakafutwa.

Miaka iliyofuata inaweza kuelezwa kwa haraka, kwa sababu ilitekeleza yaliyokwisha kuamuliwa. Katiba ya 1963 ilijadiliwa kwanza katika ukumbi wa sinema wa Majestic, Algiers, mbele ya makada wa chama na bila kupitia bungeni, na Spika wa Bunge, Ferhat Abbas, akajiuzulu kwa kupinga jambo hilo. Ben Bella alipoanza kuwaondoa watu wa Boumédiène serikalini na kutaka kumgusa waziri wa mambo ya nje, Abdelaziz Bouteflika, vifaru vilitoka usiku wa 19 Juni 1965 naye akawekwa kizuizini hadi baada ya kifo cha aliyempindua. Kuanzia hapo hadi 1977 Algeria haikuwa na bunge. FLN, chama kinachodaiwa kushika nchi, haikufanya mkutano mkuu kati ya 1964 na 1979. Khider aliuawa Madrid mwaka 1967, na Krim Belkacem akakutwa amenyongwa katika hoteli moja ya Frankfurt mwaka 1970. Wakati huo huo Boumédiène alitaifisha mafuta na gesi mwezi Februari 1971, akajenga viwanda na shule, na watu wengi walimheshimu kwa dhati. Si haki kumweleza kama mnyang'anyi mtupu. Alipofariki Desemba 1978, chama kilikuwa na wagombea wawili mashuhuri, Bouteflika na Mohamed Salah Yahiaoui. Wakuu wa jeshi wakakutana, wakawapita wote wawili, na kumchagua Kanali Chadli Bendjedid wa Oran. Mkutano mkuu wa FLN uliitishwa kuidhinisha.

Sasa nije kwenye 1991. Bei ya mafuta ilianguka mwaka 1986, na mwezi Oktoba 1988 vijana wa Algiers na miji mingine walifanya ghasia dhidi ya hali ngumu ya maisha. Jeshi liliwafyatulia risasi. Serikali ilikiri vifo 159, na wengine wakahesabu yapata 500. Kwa jeshi lililojiita mrithi wa mapambano ya uhuru, kuwaua vijana wa nchi yake mbele ya macho ya watu wote lilikuwa pigo kubwa, na Chadli alilitumia kupitisha katiba mpya Februari 1989 iliyoruhusu vyama vingi. Chama cha FIS cha Abassi Madani na Ali Benhadj, kilichotaka dola ya Kiislamu, kilishinda uchaguzi wa mabaraza ya miji na vijiji Juni 1990. Katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, tarehe 26 Desemba 1991, kilipata viti 188 kati ya 430, na duru ya pili ilipangwa 16 Januari.

Hapa watu husahau jambo moja. FLN ilipata kura zipatazo milioni 1.6 na chama cha Aït Ahmed, FFS, kikapata karibu nusu milioni, lakini FFS iliondoka na viti 25 na FLN haikufikisha 20, kwa sababu mfumo wa majimbo uliwekwa na watu waliodhani FLN ingefaidika nao. FIS ilipata karibu nusu ya kura halali, na zaidi ya theluthi moja ya walioandikishwa hawakupiga kura. Kulikuwa na nafasi ya kubishana, kuungana na kujipanga kwa duru ya pili, na Aït Ahmed aliongoza maandamano makubwa Algiers tarehe 2 Januari 1992 akisema hataki dola ya kipolisi wala dola ya kidini, na akisisitiza uchaguzi uendelee. Wakuu wa jeshi, waziri wa ulinzi Khaled Nezzar akiwa mbele yao, hawakungoja. Chadli alitangaza kujiuzulu kwenye televisheni tarehe 11 Januari, duru ya pili ikafutwa, na FIS ikapigwa marufuku mwezi Machi.

Majenerali wakahitaji tena uso wenye heshima, wakamwendea Boudiaf, ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa uhamishoni Moroko akiendesha kiwanda kidogo cha matofali. Alirudi Januari, akashika uenyekiti wa baraza kuu la dola, na akaanza kusema juu ya ufisadi kwa namna ambayo wananchi walikuwa hawajaizoea. Tarehe 29 Juni 1992 alikuwa akihutubia katika jumba la utamaduni la Annaba, kamera zikiwa zinarekodi, mmoja wa walinzi wake mwenyewe, luteni usu wa kikosi maalumu, alipotokea nyuma ya pazia la jukwaa na kumuua kwa risasi. Mahakama ilisema muuaji alitenda peke yake, na Waalgeria wengi hawajawahi kuamini hivyo. Vita vya ndani vilivyofuata viliua watu wanaokadiriwa kati ya 100,000 na 200,000. Makundi ya Kiislamu yenye silaha, hasa lile lililoitwa GIA, yalichinja vijiji vizima, na vyombo vya usalama viliteka maelfu ya watu ambao jamaa zao hawajaonyeshwa hata kaburi. Mkataba wa maridhiano wa 2005 ulifunga njia ya kuwashtaki askari kwa matendo hayo.

Bouteflika, aliyekosa urais mwaka 1979, aliletwa na jeshi hilohilo mwaka 1999, na wagombea wengine wote sita walijitoa mkesha wa uchaguzi wakilalamikia udanganyifu. Alipotaka kugombea muhula wa tano, akiwa amepooza tangu alipopata kiharusi mwaka 2013, mamilioni waliingia barabarani kuanzia 22 Februari 2019, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa amani ya kustaajabisha. Walibeba picha za Abane na Ben M'hidi, na wito wao mkuu ulidai dola ya kiraia, si ya kijeshi. Watu hao walikuwa wanaidai kanuni ya Soummam kwa jina na kwa sura, miaka zaidi ya 60 baada ya kufutwa.

Je, walibadilisha kitu? Walimwondoa rais: alijiuzulu tarehe 2 Aprili, baada ya mkuu wa majeshi, Ahmed Gaïd Salah, kutaka atangazwe kuwa hawezi tena kazi. Hata kuondoka kwake, kwa hiyo, kulipita mkononi mwa jeshi. Uchaguzi wa Desemba 2019, uliosusiwa na wengi, ulimpa urais Abdelmadjid Tebboune. Katiba iliyopigiwa kura tarehe 1 Novemba 2020, siku iliyochaguliwa kwa makusudi kwa kuwa ndiyo kumbukumbu ya kuanza vita mwaka 1954, ilipitishwa huku wapigakura waliojitokeza wakiwa chini ya robo, na kifungu chake cha 30 kinalipa jeshi wajibu wa kulinda maslahi makuu na ya kimkakati ya nchi. Kifungu hicho nakiona kuwa hatua ya kurudi nyuma, kwa sababu nguvu iliyokuwa ikitumika bila kuandikwa sasa imepata maandishi. Novemba 2024 mkuu wa majeshi, Saïd Chengriha, aliingizwa pia kwenye baraza la mawaziri kama waziri mdogo wa ulinzi, na wizara yenyewe ameishika Tebboune, kama walivyofanya marais wengi kabla yake. Ukitaka kufuatilia kama hali inabadilika, usitazame sana nani amekuwa rais. Tazama siku ambayo wizara hiyo itapewa raia asiye rais wala mwanajeshi, na bajeti yake ikajadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu. Siku hiyo haijafika.